Maswali ya Wasomaji: Moshi Ulipoingia Ukumbini, Mbona Hatukusimama?

SWALI: Mwezi uliopita nilihudhuria harusi ya mtoto wa jirani yangu katika ukumbi mmoja hapa Morogoro. Tulikuwa tumeshapakuliwa chakula moshi ulipoanza kutoka nyuma ya vitambaa vya mapambo, karibu na meza ya maharusi. Mimi niliuona, na bwana aliyekaa kushoto kwangu aliuona pia, kwa sababu tulitazamana, kisha sote wawili tukarudi kwenye pilau. Mshereheshaji aliendelea kuita watu waje kutoa zawadi. Zilipita dakika tatu au nne hivi, mpaka shangazi yake bibi harusi alipovua viatu, akapanda juu ya kiti na kupaza sauti: “Tokeni, kunaungua! Piteni mlango wa jikoni!” Hapo tukatoka, tena kwa utaratibu, wazee wakitangulizwa, ingawa wengi bado walikimbilia mlango wa mbele. Moto ulizimwa na hakuna aliyeumia. Ninachouliza ni hiki: mimi ni mtu mzima mwenye watoto watatu, kwa nini nilikaa? Na je, moto ungekuwa mkubwa, tungegeuka wanyama kama wasemavyo watu?
Mama Watatu, Morogoro

JIBU: Mama Watatu, pole kwa mshtuko. Ulikaa kwa sababu ile ile inayowakalisha watu wengi, na jambo hilo limepimwa. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanana mno na kisa chako. Waliwaita wanafunzi wa chuo kikuu chumbani kujaza fomu, kisha wakapitisha moshi kwenye tundu la ukutani. Katika kila wanafunzi wanne waliokuwa peke yao, watatu walitoka kutoa taarifa. Lakini mwanafunzi alipoketishwa na watu wawili walioagizwa kimyakimya wasijali lolote, ni mmoja tu kati ya kumi aliyeinuka. Waliobaki waliupunga moshi kwa mikono, wakakohoa, wakafikicha macho, na wakaendelea kujaza fomu. Walipoulizwa baadaye, wengi walikuwa na maelezo tayari: huo ulikuwa mvuke tu, au ulitoka kwenye mtambo wa kupoza hewa. Hawakusema kwamba waliona haya mbele ya wenzao.

Wewe na yule bwana wa kushoto mlipotazamana, kila mmoja alikuwa akimuuliza mwenzake swali kwa macho, na kila mmoja, akiwa mtu wa adabu, alikuwa ameutuliza uso wake. Hivyo kila mmoja akapata jibu la uongo kwamba mwenzake hana wasiwasi. Ongeza na mahali penyewe. Harusini gharama ya kukosea ni kubwa, kwani hakuna anayetaka kukumbukwa miaka ishirini kuwa ndiye mgeni aliyevunja shughuli ya watu kwa ajili ya moshi wa jiko la biriani. Tunao usemi kwamba wasiwasi ndio akili, lakini tukikaa mezani na watu mia tatu tunausahau.

Shangazi alifaulu kwa mambo mawili. Kwanza, ni mtu ambaye katika shughuli ile ana haki ya kuvunja shughuli, jambo ambalo mgeni hana. Pili, hakupiga ukelele mtupu, bali alieleza kinachotokea na akasema watu wapite wapi. Mei 28, 1977 katika ukumbi wa starehe wa Beverly Hills Supper Club, jimbo la Kentucky nchini Marekani, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akiondoa vyombo mezani alipanda jukwaani, akachukua kipaza sauti, akaonyesha milango ilipo na kuwaambia watu watoke. Baadhi ya wageni walidhani ni sehemu ya vichekesho vilivyokuwa vikiendelea, wakabaki vitini. Watu 165 walikufa kwa moto ule, na wengi walionusurika walikuwa wametii maneno ya kijana huyo.

Kuhusu mlango, watu hutokea walikoingilia hata kama njia iliyo karibu iko wazi, kwa sababu wakati wa hofu mtu huifuata njia aijuayo. Siku nyingine ukiingia ukumbini, tafuta mlango wa pili kabla ya kutafuta kiti.

Nina shaka kubwa na hilo la kugeuka wanyama. Wazo hilo lilienezwa hasa na Mfaransa Gustave Le Bon katika kitabu chake cha mwaka 1895, aliyeamini kwamba mtu akiingia katika umati hupoteza akili yake na kurudi katika ushenzi. Aliandika hivyo akiwaogopa wafanyakazi na wanamapinduzi wa zama zake, na hofu hiyo inaonekana katika kila ukurasa. Waliokuja baadaye na kuwahoji watu waliopona, akiwamo mwanasosholojia Enrico Quarantelli, walikuta kwamba taharuki ya kila mtu na lwake ni jambo la nadra. Mabomu yalipolipuka katika treni za chini ya ardhi na basi jijini London Julai 7, 2005 na kuua watu 52, John Drury na wenzake walikusanya masimulizi ya walionusurika, na yalijaa habari za watu wasiojuana waliofungana majeraha, kugawana maji na kushikana mikono gizani. Ninyi pia mliwatanguliza wazee, na hakuna aliyewaamuru.

Najua mtu atanikumbusha yaliyotokea alfajiri ya Aprili 12, 2015 katika Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko na wanafunzi wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 waliumia. Lakini tarehe isomwe vizuri. Siku kumi kabla yake, watu 148 walikuwa wameuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, na wengi wao walikuwa wanafunzi waliovamiwa alfajiri mabwenini. Aliyesikia mlipuko saa zile, akiwa na habari zile kichwani, alifanya hesabu kwa takwimu alizokuwa nazo. Hesabu ilikuwa sahihi, ila takwimu ndizo zilizokuwa na kosa.

SWALI: Machi 2021 tulisoma kwamba watu 45 walikufa kwa kukanyagana katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Sijaelewa mpaka leo. Waombolezaji, watu wenye huzuni, wanakanyaganaje?
Msomaji wa Temeke

JIBU: Nadhani kinachokutatiza ni neno lenyewe. “Kukanyagana” ni kitenzi cha kutendana: kinatuambia kwamba huyu alimkanyaga yule, na yule akamkanyaga mwingine, kana kwamba kila marehemu alikuwa na fungu lake la kosa. Vyombo vya habari vililitumia tena na tena, kama vilivyolitumia mwaka mmoja kabla, Februari 1, 2020, watu 20 walipokufa mjini Moshi katika mkusanyiko wa ibada. Katika mikasa ya namna hii kwa jumla, wengi hawafi kwa nyayo za mtu. Hufa kwa kukosa pumzi, na baadhi yao hufa wakiwa wamesimama wima, kwa sababu mbavu zimebanwa pande zote na kifua hakina nafasi ya kutanuka.

Chukua kanga moja, si doti nzima, uitandike sakafuni. Ina urefu wa takribani mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo. Wakisimama juu yake watu wanne, wanazungumza na kugeuka wapendavyo. Wakifika wanane, mabega yanagusana na hapo wasimamizi wanapaswa kuanza kuzuia wanaoingia. Wakifika kumi na mmoja au kumi na wawili, hakuna tena mtu mmoja mmoja, kwani umati unakwenda kama maji, wimbi linaanza upande huu na kuwainua watu upande ule, na aliye katikati hawezi kuchagua hata mahali pa kuweka mguu. Nguvu inayojikusanya hapo hupinda vyuma vya kizuizi.

Aliye nyuma, mita thelathini kutoka langoni, hajui lolote kati ya hayo. Anachokiona ni mgongo wa mwenzake uliosogea hatua moja, naye anaiziba nafasi, kama ufanyavyo wewe kwenye foleni ya benki. Hana chuki wala taharuki. Hana habari tu. Kwa hiyo swali la kuuliza baada ya msiba wa namna hii ni nani alikuwa na uwezo wa kuona mbele na nyuma kwa pamoja, na kwa nini hakuwazuia wa nyuma mapema. Umati haujioni wenyewe.

Ukijikuta umebanwa, weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili ubaki na nafasi ya pumzi, usipige kelele za bure, usishindane na wimbi, na linapotulia jongea kwa mshazari kuelekea pembeni, lakini usijiegemeze ukutani au kwenye uzio. Kitu kikianguka, kiwe simu au kiatu, usiiname.

SWALI: Ninafundisha shule ya msingi yenye ghorofa, na tangu mkasa wa Kakamega wazazi wananiuliza tumejiandaa vipi. Tufanye zoezi la kushtukiza ili tuone watoto watakavyofanya?
Mwalimu, Vihiga

JIBU: La, Mwalimu, msiwashtukize. Novemba 2015 chuo kimoja jijini Nairobi kilifanya zoezi la usalama ambalo wengi hawakujua kuwa ni zoezi. Mfanyakazi mmoja alifariki na makumi ya watu wakaumia. Tangazeni siku na saa, na watoto waambiwe wanachofanya na kwa nini.

Ule mkasa wa Kakamega, ulioua wanafunzi 14 jioni ya Februari 3, 2020, ulitokea ngaziani, saa ya kwenda nyumbani, na hapakuwa na moto wala adui. Basi anzeni na siku ya kawaida: madarasa yasiachiwe kwa kengele moja, na mwalimu asimame pale ngazi inapokata kona, si chini uwanjani.

Kisha tazameni mlango wa chini. Mjini Sunderland, Uingereza, Juni 16, 1883, watoto 183 walikufa katika ukumbi wa Victoria Hall walipokuwa wakishuka kuwahi zawadi zilizokuwa zikigawiwa chini. Mlango wa mwisho wa ngazi ulifungukia ndani, tena ulikuwa umekomewa ili upenyo umruhusu mtoto mmoja mmoja. Waliotangulia walikwama, na walio juu, wasioona, waliendelea kushuka. Kutokana na msiba huo Waingereza walitunga sheria ya milango ya kumbi kufungukia nje, na hatimaye Robert Alexander Briggs akabuni komeo linalofunguka lenyewe mwili wa mtu unapolisukuma.

Mlango wenu unafungukia wapi? Na saa kumi na moja jioni, ufunguo wake anao nani?