Maswali Yenu: Kupima Macho ya Watoto wa Chekechea

Sisi ni wazazi wa kujitolea, tunapima macho ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Tulichapisha steshenari chati ya E (herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, mtoto aonyeshe inakoelekea), lakini wale wadogo wanababaika. Tunakosea wapi? — Kikundi cha wazazi, Sakina, Arusha

Hongereni kwa kazi. Wa miaka mitatu wengi hawajajua kushoto na kulia, kwa hiyo E inawapima mwelekeo, si macho. Waachieni wakubwa. Wadogo wapeni chati ya Lea, yenye tufaha, nyumba, duara na mraba, au ile ya herufi H, O, T na V. Si lazima mtoto ajue kusoma wala kuongea: anapakata kadi na kugusa umbo linalofanana na mnaloonyesha. Tufaha akiliita moyo au embe, haidhuru, mradi asibadilishe jina katikati.

Chati za steshenari zina ugonjwa wake: printa huibana picha ienee kwenye karatasi. Kwa E au HOTV ya kupimia mita 3, herufi za mstari wa 6/12 (kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 12) ziwe na urefu wa milimita 8.7. Wekeni rula. Maumbo ya Lea yana vipimo vyake, hivyo chukueni chati halisi. Chagueni yenye maumbo yaliyopangwa kwenye mstari au kuzungushiwa vistari. Umbo likikaa peke yake, jicho vivu (lile ambalo ubongo umezoea kulipuuza) hufaulu kwa urahisi mno.

Vutieni tepu kutoka machoni mwa mtoto, si kwenye vidole vya miguu. Chati isibandikwe karibu na dirisha. Anzeni kwa karibu, macho yote wazi, hadi mwone ameelewa mchezo. Kisha zibeni jicho la kushoto kwa plasta laini na kupima la kulia, halafu zibeni la kulia na kupima la kushoto. Kiganja hakifai hata kidogo: mtoto huchungulia kati ya vidole, na akilibonyeza jicho, zamu yake ikifika linaona ukungu. Hapa ndipo wengi wenye jicho moja bovu wanapoponyoka.

Kila jicho lipate maumbo 3 kati ya 5: mstari wa 6/15 kwa miaka mitatu, 6/12 kwa minne, 6/10 kwa mitano (chati nyingine huandika 6/9.5). Macho yakipishana mistari miwili, mpeni rufaa hata kama yote yamefaulu.

Tumeazimwa kamera ya kupima macho. Asubuhi inakataa karibu kila mtoto. Ni mbovu? — Majengo, Moshi

Jua ndilo linalowasumbua. Kamera hupitisha mwanga usioonekana ndani ya mboni na kusoma unavyorudi. Darasa likiwa jeupe, mboni husinyaa na hakuna cha kusoma. Tundikeni blanketi madirishani (khanga moja huvujisha mwanga), mkae gizagiza dakika chache kabla ya kuanza. Kamera nyingi hushikwa umbali wa mita 1 hivi. Hakikisheni kwenye maelekezo ya hiyo yenu. Zile namba inazotoa zinasema tu nani aende kwa mtaalamu. Msimpelekee fundi miwani akate lenzi kwa namba hizo.

Binti yangu, miaka minne, alilia walipomziba jicho la kulia. Wakasema nimlete mwakani. — Mama, Pasua, Moshi

Mwakani ni mbali, mama. Alipozibwa la kushoto alitulia? Kama ndiyo, huenda la kulia ndilo analolitegemea, na ukiliziba anabaki gizani. Wanaoshindwa kupimwa huwa na matatizo ya macho zaidi ya wanaokubali. Ajaribiwe tena ndani ya mwezi mmoja, akiwa ameshiba na hajachoka. Ikishindikana, mpeleke kliniki ya macho ukaeleze kilio kilianzia jicho gani. Jicho vivu hutibika vizuri zaidi kabla ya miaka 7, kwa miwani na mara nyingi kwa kuziba lile zima saa kadhaa kwa siku.

Kwenye picha za simu zenye flashi, mboni moja ya mwanangu inang'aa nyeupe. Nisubiri siku ya upimaji shuleni? — Njiro, Arusha

Usisubiri. Huenda ni pembe tu ya picha, lakini inaweza pia kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho. Aonwe na daktari wa macho wiki hii hii. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina idara ya macho. Nenda na picha zenyewe kwenye simu, pamoja na za zamani, daktari aone ilianza lini.