Uliendesha warsha, hukujenga karakana

Ndugu, nimekuelewa: uliongoza warsha ya siku mbili ya ufugaji nyuki kwa wakulima 25, na kwenye wasifu wako wa kazi umeandika "I made a workshop". Umeuliza kama ni sahihi. Badilisha kabla hujatuma. Kwa Kiingereza "workshop" ni warsha, lakini pia ni karakana, kwa hiyo msomaji anaweza kudhani umejenga banda la fundi seremala.

Mimi ningeandika: "I ran a two-day workshop on beekeeping for 25 farmers." "Conducted" nayo inafaa, ina urasimu kidogo. Ukitaka "lead", angalia wakati uliopita: ni "led", haina "a". Hapo ndipo wengi tunapoteleza, mimi nikiwamo. Niliwahi kutuma barua tatu za maombi ya kazi zikiwa na "lead".

"Facilitated" itumie kama kweli uliongoza mjadala na washiriki wenyewe ndio waliochangia. Ila andika "facilitated a workshop", usiandike "facilitated the farmers". Huku kwetu "facilitation" imekuwa nauli na posho, mtu atafikiri ulikuwa unagawa bahasha.

Na kama ulishughulikia ukumbi na chai tu, sema "organised". Kwenye usaili watakuuliza ulifundisha nini.

Kama wasifu huo ni wa kuomba ufadhili mkubwa, mpe mhariri aupitie wote.