Ufadhili wa kata: masharti yanayowakata wenye shida, na namna ya kuyajibu

Kila ikifika Agosti, steshenari yangu hapa Tukuyu, wilayani Rungwe, inageuka ofisi ya ustawi wa jamii. Mtu anakuja kutoa fotokopi ya cheti, anaishia kunisimulia ukoo mzima. Si kosa lake. Fomu za ufadhili wa masomo ndivyo zilivyo: zinakuuliza baba yuko wapi, alifariki lini, nani anakulea, mnaishije, halafu zinakupa mstari mmoja mfupi wa kujibia.

Fomu hizi nazijua pande zote mbili. Mwaka 2009 niliomba ufadhili wa mfuko wa elimu wa kata yetu nikaukosa. Miaka kumi baadaye wakanichagua katibu wa mfuko uleule, na naona aibu kusema, nikashiriki kuandika sharti baya kuliko lililonikata mimi. Naandika kwa ajili ya anayeomba, lakini kama wewe ni mjumbe wa kamati ya kata, ya usharika au ya AMCOS (ushirika wa wakulima), usipite bila kusoma.

Kwanza tuelewane pesa hizi ni za nani. Ada imefutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Anayekwenda shahada anaomba Bodi ya Mikopo. Wa stashahada alikuwa hana pa kushika mpaka mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ilipoanza kuwakopesha, tena kwa fani za kipaumbele tu kama afya, usafirishaji, kilimo na mifugo. Mtoto aliyepata alama za kuanzia astashahada ndiye anayebaki mikono mitupu, na huyo ndiye aliye wengi kwenye shule zetu za kata. Mfuko wetu ulianzishwa kwa ajili yake: kila kaya shilingi 5,000 kwa mwaka, wakulima wa chai wanakatwa kidogo kupitia ushirika, na Krismasi watoto wa nyumbani wakirudi kutoka Dar tunawabana kwenye harambee. Mwaka mzuri tunasomesha kumi na wawili. Waombaji hawapungui sitini.

Sasa masharti. La kwanza na gumu kuliko yote ni ukaazi.

Mimi lilinikata hivi. Baada ya darasa la saba shangazi alinichukua nikakae naye Mwanjelwa, nikasoma sekondari Mbeya mjini. Mama alibaki kijijini na migomba yake. Nilipoomba, kamati ikasema huyu ni wa mjini, ana ndugu wenye uwezo. Shangazi alikuwa akiuza mitumba chini ya mwavuli. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuandika, kwa sababu fomu ilisema tu "Mkaazi wa kata: Ndiyo/Hapana", na mimi kwa unyoofu wa kijinga nikaweka alama kwenye Hapana.

Ukikutana na swali la namna hiyo, uliza kwanza: ukaazi wa nani? Wangu au wa mzazi? Mifuko mingi inamaanisha wa mzazi au mlezi, ila haisemi. Kisha barua yako ya utambulisho isiishie kwenye "ni mkaazi wa kijiji hiki". Barua ya hivyo nachapa ishirini kwa siku, hazina uzito wowote. Mwombe mtendaji aandike kaya yenu ipo kijijini tangu mwaka gani, kitongoji gani, wewe unaishi na nani, na kama ulikwenda kukaa kwa ndugu, kwa sababu gani. Jina liwe kwenye rejesta ya kijiji. Kama halimo, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji mapema, usingoje siku ya dirisha kufungwa. Ambatisha cheti cha kumaliza darasa la saba. Kwetu sasa hicho peke yake kinatosha: ukimaliza msingi kwenye shule ya kata hii, wewe ni wetu hata kama leo unalala Ipogolo, Iringa.

Kuna mahali neno lililotumika ni "mzawa", na hapo ndipo nilipogombana na wazee. Kwenye mashamba ya chai tuna kaya zilizotoka Makete na Ileje, wazazi walikuja kuchuma, watoto wamezaliwa hapa, wanakisema Kinyakyusa kuliko wanangu. Mzee mmoja akasema kikaoni, "Mwanangu, hao wana kwao." Nikamwambia, baba, ile elfu tano tunaichukua kwao au kwetu? Neno tuliliondoa mwaka uliofuata. Kama mfuko wa kwenu bado unalo, mwombaji usikate tamaa. Omba, na ambatisha risiti za michango ya wazazi wako. Zinasema yale ambayo wewe ukiyasema utaonekana mbishi.

La pili ni umaskini wenyewe, ambao kila mtu anajua kuuona na hakuna anayejua kuupima. Kamati nyingi zinakimbilia orodha ya TASAF. Kaya ikiwa kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini, ushahidi umekamilika. Andika namba ya kaya na uweke nakala ya kitambulisho cha mnufaika. Shida ni kaya ambazo hazikuwahi kuingia, au zilishatolewa kwenye mpango kwa kuonekana zimeinuka. Hapo wajumbe wanaanza kutumia macho. Nimewahi kusikia mwombaji akikatwa kwa kuwa "kwao wana bati". Rungwe! Mvua hii, nani analala chini ya nyasi? Bati hapa ni lazima, mtu anakopa kwanza bati, chumvi baadaye.

Kwa hiyo usiandike "familia yangu ni maskini". Andika hesabu. Mwaka jana nilikaa na mama mmoja hapa dukani, mtoto wake kashika kalamu. Kwenye kipengele cha kipato mtoto alikuwa ameandika "mkulima". Nikamuuliza mama, mama, kwa wiki unakata mikungu mingapi? Minne, ikizidi sana mitano. Anayechukua shambani anakupa ngapi? Elfu sita, kiangazi elfu nane. Kuna parachichi? Miti mitatu, tena ile ya kienyeji, ya kula wenyewe. Nani mwingine anakula hapo? Watoto wanne na bibi. Tukaandika yote hayo, mistari sita, tukaambatisha karatasi kwa sababu nafasi haikutosha. Kwenye kikao hakuna aliyeuliza habari za bati. Hesabu inamnyamazisha mjumbe ambaye huruma haimgusi.

Uyatima nao una mtego wake. Fomu inataka cheti cha kifo, na cheti hicho ni cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kinachopatikana kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Lakini watu wetu wengi walifia nyumbani, wakazikwa kesho yake kwenye migomba, na hakuna aliyekumbuka karatasi. Bibi mmoja alinijia siku ya mvua, nyaraka kazifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kitenge, kitenge ndani ya kikapu. Akazitoa moja moja kama anayetoa mayai. Kadi ya kliniki ya mjukuu, kadi ya ubatizo, picha ya marehemu mwanawe akiwa amevaa sare ya shule, na kibali cha mazishi cha mwaka 2012 kilichokunjwa mara nane. Cheti cha kifo, hapana.

Nilimwambia kile kibali ni dhahabu, akakishika kwa mikono miwili. Ukiwa na kibali cha mazishi, kwenda kuombea cheti kunakuwa na pa kuanzia. Usipokuwa nacho, anza na mtendaji wa kijiji pale kifo kilipotokea, na uanze mwaka mmoja kabla ya kuhitaji. Kusajili kifo cha zamani kuna mizunguko, na nakuambia tu kwamba Agosti si mwezi wa kuanzia. Kwa mfuko wa kata lakini, uliza kama watakubali barua ya mtendaji pamoja na kibali. Wetu tunakubali. Bodi ya Mikopo wao wanataka vyeti vilivyohakikiwa na RITA, hawana mjadala, kwa hiyo kama ndoto yako ni shahada huko mbele, cheti kitafute tu. Bibi aliniambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, akafunga tena vitu vyake kwa mpangilio uleule.

Majina. Kila mwaka tunarudisha fomu kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinasema Atupele na cha kidato cha nne kinasema Atupere. Herufi moja. Hakimu au wakili anakuandalia hati ya kiapo, ambatisha, tuendelee. Na wale waliosajiliwa bure wakiwa chini ya miaka mitano, kampeni ilipoanza hapa Mbeya mwaka 2013, ndio hao sasa wanaingia vyuoni. Vile vyeti viliandikwa kwa mkono, angalia leo jina lako limeandikwaje, usingoje kuambiwa na kamati.

Sasa lile sharti letu baya. Tulipochaguliwa, tulitaka mfuko uheshimike, tukaandika: mwombaji awe na divisheni one hadi three. Nilichapa mwenyewe, nikaweka na rangi. Tukapata waombaji wanane tu, na tulipopitia, watano walikuwa watoto wa walimu na wafanyabiashara waliosoma bweni shule za kulipia. Vyuo vingi vya astashahada vinapokea mwenye ufaulu wa masomo manne kuanzia D, masomo ya dini yasihesabiwe. Maana yake chuo kilikuwa tayari kumpokea mtoto wetu mwenye divisheni four, sisi tuliochangishana kwa ajili yake ndio tuliomkataa. Mwaka mzima pesa ilikaa benki, na kuna msichana wa kitongoji cha juu ambaye mwaka huo alikwenda Dar kufanya kazi za ndani. Nilikuwa nimempigia fotokopi ya barua ya chuo. Sasa sharti linasema: awe amepokelewa na chuo chenye usajili wa NACTVET (baraza la vyuo vya ufundi) au TCU (tume ya vyuo vikuu), basi. Usajili kauhakikishe mwenyewe kabla hujalipa hata ada ya kuomba, maana bango zuri barabarani si usajili.

Sharti la "asiwe na ufadhili mwingine" nalo lisikutishe mpaka uulize linamaanisha nini. Bodi inaweza kukupa chakula na malazi bila kukupa ada yote, au kukupa sehemu ya ada. Mtu wa namna hiyo bado ana pengo, na pengo ndilo tunaloziba. Ila usifiche. Leta ule mchanganuo wa mkopo wako kama ulivyo, piga mstari chini ya kilichobaki. Kijana mmoja alificha, tukaja kujua kwa mtu aliyesoma naye, na mwaka uliofuata hata mdogo wake alipoomba kuna wajumbe walikuwa wakitazamana.

Uliza pia pesa inalipa nini. Sisi tunalipa ada moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo, hatumpi mtu mkononi. Safi, lakini mwanafunzi wetu wa kwanza alirudishwa nyumbani wiki ya pili kwa kukosa bima ya afya, shilingi 50,400. Ada ya laki kadhaa imelipwa, mtoto yuko stendi na begi lake. Kwenye maombi yako, chukua fomu ya kujiunga na chuo, andika kila kitu kilichomo: bima, sare, michango, godoro, nauli ya basi. Hata kama mfuko haulipi, kuna mjumbe mmoja kati yetu ambaye ana godoro ndani. Nimeliona likitolewa.

Limebaki la umri. Mfuko wetu unasema mwombaji asizidi miaka 23. Tuliiga tu mahali, hata sikumbuki wapi. Bodi ya Mikopo yenyewe miongozo yake ya karibuni inafika miaka 35. Mwezi uliopita amekuja dada wa miaka 25, mtoto mgongoni. Alipata mimba akiwa kidato cha tatu, na baada ya ule waraka wa Novemba 2021 ulioruhusu waliojifungua kurudi shuleni, akarudi, akamaliza. Ana nafasi ya astashahada ya kilimo. Karatasi zake zote zimenyooka: barua ina mwaka na kitongoji, hesabu ya kipato ipo, majina yanafanana. Anakatwa na tarakimu mbili nilizozichapa mimi.

Nimeandika pendekezo la kuliondoa. Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, shule ya msingi, saa nne. Wajumbe ni kumi na moja, nakala nimeshatoa kumi na moja, na fomu ya yule dada nimeiweka juu kabisa ya faili.