Majivu ya maganda ya mpunga na nyufa za zege

Ndugu, umeuliza kama majivu ya maganda ya mpunga yatafanya zege la sakafu unayotaka kumwaga lizibe nyufa lenyewe. Yanasaidia, ila kwa nyufa nyembamba kama unywele, tena maji yafike humo. Silika ya majivu, yaani madini yaliyomo pia kwenye mchanga, hukutana na chokaa inayotokana na saruji, vikatengeneza gundi mpya polepole. Uchomaji wa maganda ndio wenye kazi: moto ukipita sana nyuzi 700 za Selsiasi, silika hugeuka fuwele, yaani chembe zilizojipanga imara, na nguvu yake ya kuungana na chokaa hupungua mno. Saga yawe laini kama saruji. Anza kwa kupunguza saruji asilimia 10, uweke majivu mahali pake, ufyatue vipande vya majaribio. Nguzo na mihimili, nakusihi, usijaribie bila mhandisi.