Jibu: Form two wamechoka kuandika muhtasari wa riwaya

Mwalimu wa Kondoa uliyeuliza ufanyeje na form two waliochoka muhtasari wa riwaya, pole mwaya, hata wangu hapa Dodoma walikuwa wanakopiana tu. Jaribu boksi la viatu: kila mtu analeta ndani yake vitu vitano vya mhusika mmoja wa riwaya, anasimama anaeleza kwa nini kachagua hivyo na lazima ataje ukurasa. Kuna binti alitoa kandambili moja ya kushoto, akasema hii ndo ilibaki mlangoni mama alipokimbia usiku, darasa zima likafungua kitabu kuhakiki, we acha tu! Kumshtaki mhusika kwenye mahakama ya kuigiza darasani nako kunanoga ila kunakula vipindi viwili. Mabango sishauri, manila zinamaliza hela na wanaishia kuchora maua.