Maswali ya wasomaji: uzi wa rakhi

SWALI: Raksha Bandhan ni sikukuu ya Kihindu ambapo dada humfunga kaka uzi wa rakhi mkononi. Kalenda moja inaiweka leo, nyingine kesho, na ya tatu inakataza kufunga rakhi hadi usiku. Tufuate ipi?

JIBU: Huenda zote ziko sawa. Sikukuu huangukia siku ya mwezi mpevu katika Shravan, mwezi wa kalenda ya Kihindu ulio kati ya Julai na Agosti, lakini tithi, yaani siku ya kalenda ya Kihindu, hufuata mwendo wa mwezi. Huchukua kati ya saa 19 na 26 hivi na yaweza kuanza wakati wowote. Nusu ya kwanza ya tithi ya mwezi mpevu daima ni Bhadra, muda wa nuksi, nayo husubiriwa ipite.

Mwaka 2023, nchini India, tithi ilianza tarehe 30 Agosti karibu saa tano asubuhi, Bhadra ikaisha saa tatu usiku, na tithi ikakoma saa moja asubuhi ya tarehe 31. Waliofunga usiku ule na waliodamka alfajiri, wote walikuwa ndani ya muda. Kwa hiyo achana na tarehe, tafuta saa Bhadra inapoisha, tena kwa saa za mji ulipo. Aliye London akifuata saa za Delhi atachelewa kwa muda wa saa nne na nusu.

SWALI: Tilaka, alama nyekundu ninayompaka kaka kwenye paji la uso, inachuruzika hadi puani na mchele wa kubandika juu yake haushiki. Kwa nini?

JIBU: Maji yamezidi. Robo kijiko cha chai cha kumkumu, unga mwekundu wa tilaka, kinamtosha kaka mmoja. Tia maji tone kwa tone, koroga mpaka iwe nzito kama dawa ya meno. Paka kwa kidole cha pete, kutoka katikati ya nyusi kwenda juu, kisha bandika mchele papo hapo. Rangi ikikauka, haushiki tena. Chenga hazifai: mchele huo huitwa akshata, maana yake "usiovunjika".

Kumkumu ya asili ni bizari ya manjano iliyogeuzwa nyekundu kwa chokaa. Ile ya rangi za viwandani huweza kuwasha, basi ijaribu kwanza mkononi.

Baada ya tilaka, zungusha taa ya samli mbele ya kaka kwa kufuata mwendo wa saa, funga rakhi mkono wa kulia, mlishe vitamu kama ladu au barfi. Uzi wa hariri huteleza, hivyo piga mafundo mawili na uache nafasi ya kidole kimoja. Rakhi yenye pambo zito ni ya picha tu. Haikawii kupinduka chini ya mkono. Mtoto mchanga mfungie uzi mtupu, maana shanga humezwa.

SWALI: Kaka ameoa. Wifi naye anafungiwa?

JIBU: Kwa Wamarwari wa Rajasthan, ndiyo. Yake huitwa lumba, hufungwa kwenye bangili, kishada kikining'inia.

SWALI: Rakhi ivuliwe lini? Na Bhai Dooj, sikukuu nyingine ya kaka na dada, pia kuna uzi?

JIBU: Wengi huivaa hadi Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, siku nane baadaye, kisha huiacha kwenye mti au kwenye maji yanayotiririka. Bhai Dooj, baada ya Diwali, ni tilaka na chakula, bila uzi. Nepal huiita Bhai Tika: tika, yaani tilaka, ya rangi saba, shada la maua ya makhamali yasiyonyauka upesi, na dada huvunja jozi, ile kokwa ngumu, mlangoni. Uzi wa huko ni ule ambao kuhani huwafunga watu siku ya mwezi mpevu wa Shravan. Hukaa mkononi hadi Lakshmi Puja, ibada ya mungu wa kike Lakshmi wakati wa Diwali, ukafungwe mkiani mwa ng'ombe.