Barua kwa mwanangu: ilimba haihami, biti ndiyo ije

Marahaba mwanangu, hatujambo, mama yako anakusalimia na anauliza utakuja lini.

Ujumbe wako niliusoma juzi nikiwa nimezama kwenye kusahihisha mitihani ya kidato cha pili, nikasema hii siyo ya kujibu kwa voisi ya dakika moja, ngoja nitulie niandike. Umeniuliza mawili. Kwanza kama nitakubali kuityuni ilimba yangu, hili boksi letu la Wagogo lenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, iendane na kinanda ili yule rafiki yako prodyuza aiweke kwenye biti yake. La pili ulilichomeka mwishoni kama utani ila mimi nimeliona siyo utani, kwamba baba miaka yote hii unahangaika na muziki usiokulipa, unatafuta nini? Hilo nitalifikia. La kwanza jibu ni hapana, ila kurekodi nakubali kabisa, na najua hapo tu umeshaniita mbishi kwa hiyo nieleze.

Kwanza ile rekodi niliyowatumia kwa simu halafu rafiki yako akairudisha "imesafishwa". Nimeisikiliza mara kadhaa, kijana ana kipaji sikatai, lakini ametoa ule mlio wa zzzz wote akidhani ni kasoro ya simu yangu. Mlio ule tunauweka kwa makusudi jamani. Ubao wa mbele wa ilimba una tundu, na juu ya tundu tunabandika kile kitambaa cheupe cheupe ambacho buibui anafunikia mayai yake ukutani, kikitikisika ndiyo sauti inapata ule mkwaruzo unaoifikisha mbali hata watu wakiwa wanapiga makofi na kuimba. Kitu chenyewe kinachanika ovyo, nusu ya kazi ya mpiga ilimba ni kuvizia kuta za stoo, na hapa nyumbani ni vita kwa sababu mama yako akipita na ufagio ameniharibia mtaji wangu wote. Sasa mtu aniambie amesafisha! Mwambie airudishe kama ilivyokuwa.

Haya tuje kwenye kutyuni, na hapa mwalimu wa fizikia atatoka kidogo unisamehe. Uzi ukitikisika hautoi sauti moja, unatoa ya msingi na juu yake zingine zinazopanda kwa kuzidisha, yaani msingi ukiwa mitetemo 100 kwa sekunde basi kuna 200, 300, 400 na kuendelea. Muziki wetu wa Kigogo umekaa humo. Sauti tunazoimbia na tunazotyunia ziko karibu na ya 4, ya 5, ya 6, ya 7, ya 8 na ya 9, na ndiyo maana tukiimba wawili wawili huwa mmoja anaruka moja, wewe uko ya 6 mwenzako yuko ya 4, ukipanda ya 7 yeye anakwenda ya 5, na inakubali yenyewe bila mtu kufundishwa. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria, aliandika mengi kuhusu jambo hili, ila wazee walikuwa wanalisikia zamani kwa masikio tu.

Kinanda chenyewe kimegawa ngazi yote, yaani kutoka sauti moja mpaka maradufu yake, vipande 12 vilivyo sawa, na hapo ndipo shida inapoanzia. Chukua mfano wetu wa 100. Ile ya 6 ni 600, kinanda kinakupa 599 na ushee, hakuna atakayesikia. Ya 9 ni 900, kinanda 898, sawa tu. Ya 5 ni 500 kinanda kinasema 504, hapo mwenye sikio ataanza kukunja uso. Sasa ya 7 ni 700 na noti ya kinanda iliyo karibu nayo ni kama 713. Hiyo ni karibu theluthi nzima ya hatua kutoka noti moja mpaka inayofuata, na ukizipiga mbili kwa pamoja zinagongana mara 13 kwa sekunde, unasikia kitu kinakoroga masikio. Rafiki yako aliposikia akasema ilimba ya mzee iko "flati". Haiko flati, iko pale ilipotakiwa kuwa, na mimi nikicheza na kinanda naona kinanda ndicho kimepanda juu bila sababu.

Ningeweza kuibadilisha? Naweza, hata leo jioni. Chuma ukikivuta kirefushe upande wa kupiga sauti inashuka, ukikisukuma ndani inapanda, na panapohitaji kushushwa kidogo tu unabandika donge la nta chini ya ncha. Sasa fikiria vyuma ni vingi, na sehemu yake hazipigwi kabisa, zipo pembeni ya zile zinazopigwa zinalia zenyewe kwa kuitikia jirani, kwa hiyo ukigusa kimoja umeharibu na wenzake, utashinda siku mbili unazunguka. Na hapo bado sijafika kwenye sababu yenyewe.

Sababu yenyewe ni kwamba ilimba yangu siipigi peke yangu. Unamkumbuka yule mzee wa zeze, yeye anatyuni nyuzi zake kwangu, waimbaji wanachukua kwake, ngoma zinapashwa motoni mpaka zikubaliane na waimbaji. Nikihamisha vyuma kwa ajili ya wimbo mmoja wa dakika tatu, Jumapili nikienda mazoezini nimewahamisha watu wote nyumba. Halafu siamini kabisa hoja kwamba eti ni kitu kitakatifu kisichoguswa, sitaki unielewe hivyo, kila mpiga ilimba anatyuni anavyosikia na mafundi wameongeza vyuma kila kizazi, Hukwe Zawose mwenyewe, yule mpiga ilimba wetu mashuhuri, alikuwa na maboksi makubwa ambayo babu zake wasingeyatambua. Mimi ninachokataa ni kutyuni kwa ajili ya mashine wakati mashine ndiyo rahisi kuhama.

Maana hilo ndilo prodyuza wako angejua angepumzika. Programu za studio karibu zote siku hizi zinaruhusu kushusha noti moja kwa senti, senti ni vile vipande 100 vya nusu toni, ile hatua ya noti moja mpaka inayofuata. Aje nimpigie chuma kimoja kimoja, taratibu, kwa nguvu na kwa upole, arekodi kila kimoja, halafu besi na pedi zake ndizo azishushe, ile ya saba ashushe senti 31, ile ya tano senti 14, zingine aziache. Akimaliza atasikia biti imekaa kwenye ilimba kama imezaliwa hapo. Kama anaona uvivu basi anunue zile kalimba za mtandaoni zenye vyuma 17, zimetyuniwa C tangu kiwandani, hazina buibui, hazina ubishi, na wala siwadharau wanaozipiga. Zimetokana na kazi ya yule Mwingereza Hugh Tracey aliyezunguka Afrika akirekodi, huku Tanganyika alipita 1950, na miaka hiyohiyo ya 50 akaanza kutengeneza za kuuza zenye noti za Kizungu. Ila asije akaniambia hiyo ni ilimba ya Wagogo.

Na kuchanganya kunawezekana, asikudanganye mtu. Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe, alitoa Uhamiaji 2017 pamoja na prodyuza mmoja kutoka Uingereza, kuna sinthi humo na kuna umeme, na zeze na ilimba zinasikika ndizo zenye nyumba. Msikilize pamoja na rafiki yako mkiwa na hedifoni nzuri. Baba mtu naye alirekodi na Mkanada Michael Brook, gitaa lile linazunguka pembeni, halimkanyagi mzee. Na wewe binafsi nakutuma usikilize The Zawose Queens, Pendo na Leah, albamu inaitwa Maisha ya 2024. Nakutumia hao kwa sababu ulipokuwa mdogo uliishika ilimba yangu ukapata mpigo wa kwanza vizuri tu, wajomba wakacheka wakasema hiyo ya wanaume, wanawake wana ngoma yao ya muheme, ukaiweka chini. Sasa hao dada wametoka kwenye ukoo uleule ambao wanawake walikuwa wanaimba nyuma tu, leo wanapiga na kuongoza wao. Chuma kwenye ilimba hakijui aliyekibonyeza ni nani.

La pili sasa, kwamba natafuta nini.

Wewe unaona Jumapili na harusi tu, huoni siku za katikati. Natoka shule saa tisa na nusu, nakula, nasahihisha, halafu kabla giza halijaingia nakaa nje na boksi langu napiga mzunguko uleule mmoja mpaka vidole gumba viende vyenyewe, mdomo nao uanze kuimba kitu tofauti. Hapo ndipo kuna ugumu wa ilimba, siyo vidole, ni kuimba mstari unaoanza mahali ambapo vidole havijaanza. Kuna mwaka mzima nilikwama kwenye wimbo mmoja. Sikuwa na haraka kwa sababu hakuna aliyekuwa amenunua tiketi.

Kikundi chetu kama unavyokijua ni wakulima, bodaboda wawili, nesi mmoja, na mimi mshika chaki. Desemba mvua zikianza mazoezi yanakufa, watu wako kwenye mtama na uwele, mpaka kama Aprili huko. Mavuno yakishaingia ndiyo ngoma zinaamka na wiki zinajaa. Zamani nilikuwa nakereka na huo utaratibu, nataka ratiba kama ya shule, sasa naona muziki wenyewe umetengenezwa na watu wa namna hiyo, haukuwahi kuwa na wafanyakazi wa kudumu. Hukwe Zawose alikuwa mchungaji wa ng'ombe kabla Mwalimu Nyerere hajamwita Dar es Salaam miaka ya 60, halafu baadaye Bagamoyo pale chuo cha sanaa, ndipo ikawa kazi. Yeye alistahili. Ukinilinganisha naye mimi ni sisimizi, na naishi vizuri tu na hilo.

Pesa zipo kidogo, tusidanganyane. Tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma 2016 kumbi zimeota kama uyoga na watu wanataka "kitu cha asili" cha kumwingiza bibi harusi. Tunakwenda, tunavaa njuga, tunapiga dakika kumi, MC anapiga kelele juu yetu, diji anawasha spika tunakunja vitu tunapewa soda na bahasha. Bahasha inagawanywa kwa watu wote inabaki ya nauli na nyuzi. Sichukii, vijana wetu wanapenda, ila nikiambiwa hiyo ndiyo iwe kila siku ili nilipe ada na umeme ningeichukia ilimba ndani ya miezi sita. Dakika kumi zinakufundisha kukata wimbo. Nyimbo zetu hazikatwi, zinazunguka mpaka aliye ndani yake atosheke, kwa hiyo tukitoka ukumbini mara nyingi tunaumalizia kwa nyuma pale kwenye gari, bila mtu wa kutazama, na huwa ndiyo pigo zuri la usiku mzima.

Na usidhani napiga tu, nusu ya starehe ni kusikiliza na kuuliza. Mwezi wa saba wakiwa na tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino huwa siendi kwa ajili ya jukwaa, naenda kwa ajili ya kukaa na vikundi vya vijijini wakati wanapasha ngoma, unasikia nindo ya kijiji hiki na nindo ya kile, msunyunho wa hawa wanashika mguu tofauti, hizo zote ni aina za nyimbo na ngoma zetu, naandika kwenye daftari kama mwanafunzi. Nina madaftari mama yako anataka kuyawashia jiko. Ukipata nafasi nitafutie mtu wa kuyapiga picha yakae kwenye kompyuta, hilo lingenisaidia kuliko subscribers unaoniahidi.

Sasa masharti yangu kwa rafiki yako, na umwambie kwa upole. Nitampa mizunguko yangu mimi mwenyewe, ile niliyoitunga hapa nje. Nyimbo za kikundi aombe kikundi, siyo mimi. Muheme wa mama zako wadogo asiuguse, ule una mambo ya unyago ndani yake na siyo wa kuchezewa kilabu. Jina langu aliandike, na mkataba tuuandike hata kama ni ukurasa mmoja, sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999 na inagusa mpaka sanaa za jadi, asije akaona mzee ametoa bure basi ni bure kwa kila mtu.

Aje Jumamosi asubuhi, Jumapili sipatikani. Alete maiki yake siyo simu, alete na subira ya kukaa kama masaa matatu, maana chuma kimoja kimoja siyo kazi ndogo na jogoo wa jirani hajui studio ni nini. Nawe ukija naye niambie mapema, boksi la zamani lile dogo bado lipo juu ya kabati, vyuma viwili vimekatika, nitaviweka vingine kabla hamjafika.

Baba yako